Dobi wa Nyeupe

Shangazi hakungoja hata mgeni atue mkoba. Alimshika Chiriku mkono, akamzungusha mpaka ukuta wa mbele wa nyumba, akanyoosha kidole.

"Unaiona?"

"Naiona, Shangazi. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Sasa ingia ndani ukamwambie baba yako kwamba unaiona, maana mimi nimesema mpaka koo limekauka."

Ilikuwa alama ya msalaba, ndefu kuliko mtu, imepakwa kwa rangi nyekundu juu ya ukuta wa kijani. Watu wa kupanua barabara walikuwa wamepita mtaa mzima na ndoo yao, na kila nyumba yenye alama ilitakiwa ihamwe kabla tingatinga halijafika. Majirani wa kushoto walikwisha kung'oa madirisha. Wa kulia walibakiza kuku na kiti kimoja kibovu. Nyumba ya katikati, yenye kibao cha dobi mlangoni, ilikuwa ikifuka moshi wa pasi ya mkaa kama siku zote.

"Anasema hakuna alama," Shangazi alisema, sauti ameishusha. "Walikuja wakubwa wenyewe, na viatu vyao vya kung'aa. Wakamwambia, Mzee, nyumba yako ina alama. Akatoka nje, akautazama ukuta huu huu, akawajibu, hamna kitu hapa, nendeni mkaitafute nyumba mliyoipaka. Watu wakacheka. Na yule muuza mkaa wa ng'ambo, badala ya kumsitiri, akapiga makofi."

"Labda ni ukaidi tu."

"Ningeshukuru ungekuwa ukaidi. Ukaidi wake naujua, nimekua nao. Hii ni akili, mwanangu. Nikimtuma nyanya ananiletea mbichi, kijani kabisa, tena kapu limejaa na uso umemkunjuka. Dawa zake za presha ziko za namna mbili, vidonge vyekundu vya asubuhi na vya kijani vya jioni. Anavimeza ovyo ovyo, mpaka juzi akaanguka hapo kwenye ngazi." Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Nimezungumza na nyumba ya wazee, ile inayopokea waliopotewa na akili. Kama nilivyokwambia kwenye simu, wanataka sahihi ya mtoto wake wa kumzaa. Na mtoto ni wewe peke yako."

Chiriku aliutua mkoba chini. Jina hilo alipewa na baba yake huyo huyo, kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi. Akimaliza kuuliza hiki anauliza kile. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi za hapa na pale, anapima watoto uzito kliniki, na maswali yake alikuwa akiyamalizia kwa mama zao. Lakini juu ya nyumba hii alikuwa na maswali ambayo hakuwahi kumuuliza mtu. Alitoka humo akiwa mtoto, ameshikwa mkono na mama yake, watu wamejaa mlangoni wakitazama. Tangu hapo alimwona baba yake misibani tu, wakapeana mikono kama watu waliowahi kukaa kiti kimoja cha basi.

Mama yake, ambaye alikuwa akiishi naye, hakuacha kuchambua mchele Chiriku alipomwambia habari za sahihi kabla ya safari. "Nenda," alisema. Kisha, Chiriku akiwa amekwisha kufika mlangoni: "Umwangalie vizuri kwanza. Usitie sahihi mpaka umemwangalia vizuri."

*

Chumba cha mbele kilikuwa kile kile, ila kimepungua. Meza ya pasi, iliyokuwa ikimfika kidevuni, sasa ilimfika kiunoni. Benchi la wateja lilikuwa pale pale chini ya dirisha. Siku ile lilikuwa limejaa watu waliofuata nguo zao, baba yake aliposimama mlangoni, akalitupa sanduku la mama yake nje, akasema kwa sauti iliyovuka barabara: "Sikai na mwizi!"

Gauni la hariri la mke wa daktari lilikuwa limepotea, na kwa dobi, nguo ikipotea, lazima apatikane aliyeipoteza. Mama yake hakujitetea. Hilo ndilo Chiriku hakulielewa mpaka leo. Mama ambaye alibishana na wauza samaki mpaka wakamwongeza wengine ili aondoke, siku ile aliinama, akaokota sanduku, akalipangusa vumbi, akaenda zake.

Mzee alikuwa akinyoosha shuka. Alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akanyunyiza, akashindilia pasi, mvuke ukapanda.

"Umefika," alisema bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa. Si hapo!" alisema haraka alipomwona anaelekea kwenye benchi. "Hapo pana vumbi."

Hapakuwa na vumbi. Mzee aliiweka pasi kando, akaleta kiti chake mwenyewe chenye mto, akakipangusa kwa kiganja, akamsogezea. Kisha akamimina chai vikombe viwili, na chenye ufa akakiweka upande wake. Chiriku aliyaona hayo.

"Umekuja kunifungia?" Mzee aliuliza.

"Nani kasema?"

"Shangazi yako akizungumza kwenye simu anadhani watu wote ni viziwi kama yeye."

Chiriku alicheka bila kutaka. Akazungusha macho chumbani. Shuka nyeupe, makoti meupe ya hospitali, mashati meupe ya shule yamekunjwa na kupangwa hadi darini.

"Za rangi ziko wapi, Baba?"

"Sifui za rangi."

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Kwa nini?"

"Ah, Chiriku." Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Nyeupe haina ugomvi."

Mtaani walimwita Dobi wa Nyeupe. Wengine walisema ameweka nadhiri, wengine walisema ni maringo, kwamba anataka kufulia madaktari tu. Chiriku alilisikia jina hilo akiwa mbali na hakulitilia maanani. Sasa, katikati ya weupe ule wote, lilimkaa kichwani kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

"Na alama ya ukutani?" aliuliza.

Pasi ilisimama.

"Kwani kweli ipo?" Mzee alisema. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu aliye ndani anayemuuliza wa nje kama mvua inanyesha, anayetaka kweli kujua. Mtu aliyepotewa na akili, Chiriku aliwaza, haulizi namna hii.

"Twende unionyeshe pale pasipo na alama," alisema.

*

Mzee alisimama mbele ya ukuta, akautazama juu, akautazama chini. Macho yake yalipita juu ya msalaba ule mwekundu bila kugonga chochote. Akainua mkono, akaanza kupapasa.

"Mzee, ukuta una homa?" muuza mkaa alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Mbona unaupima?"

"Uza mkaa wako!"

"Nimuuzie nani, mtaa umehama?"

Mkono wa Mzee ulisita. Rangi ilikuwa imedondoka ikakaukia mahali pamoja, tone nene. Kidole chake kililigusa, kikafuata ukingo wa rangi kwenda juu, kikarudi chini, kikakata kwenda upande wa pili. Chiriku aliuona uso wa baba yake ukibadilika taratibu.

"Ni kubwa?" alinong'ona.

"Imenipita urefu."

Mzee aliuondoa mkono kama aliyegusa pasi. "Ni michirizi ya mvua," alisema kwa sauti, ili muuza mkaa asikie, akaingia ndani.

Chiriku alibaki nje. Alikuwa na tabia, akiwaza, ya kushika sikio, na sasa alilishika. Nyanya mbichi. Vidonge. Nguo nyeupe tupu. Msalaba mwekundu juu ya ukuta wa kijani.

Alipoingia aliuliza, kama mtu anayepitisha muda, "Baba, ule mkebe wa nyuzi bado upo?"

Ulikuwepo, juu ya rafu. Enzi zile kila mteja alikuwa na uzi wake, na kila nguo iliyoingia ilishonewa alama ndogo ndani ya ukosi kwa uzi wa mwenyewe, ili isipotee kwenye lundo. Kushona alama ilikuwa kazi ya mama yake. Kupiga pasi na kugawa nguo kwa wenyewe ilikuwa kazi ya baba.

"Nipe nyekundu, nishone kifungo."

Mzee alitia mkono mkebeni, akatoa kijiti kilichozungushiwa uzi mwekundu. Hakukosea.

"Na kijani."

Akatoa kijani. Chiriku alikaribia kuvunjika moyo. Halafu akakumbuka: baba yake hakutazama mkebeni hata mara moja. Alikuwa akimtazama yeye, na kidole gumba kikitembea kwenye ncha za nyuzi.

Chiriku alivipeleka vile vijiti dirishani. Kwenye ncha ya uzi mwekundu palikuwa na fundo moja, dogo kama punje ya ulezi. Kwenye kijani, mafundo mawili.

"Nani kafunga mafundo haya?"

"Uzi hujifunga wenyewe."

Chiriku alizitia ncha zile kinywani, akakata mafundo kwa meno, akaviweka vijiti vyote viwili mkononi mwa baba yake. "Haya. Ipi nyekundu?"

Mzee alivigeuza. Akaenda navyo kwenye mwanga. Kidole gumba kilitafuta na kutafuta, hakikupata kitu, na jasho likamtoka puani.

"Hii," alisema, akamnyooshea kijani.

Kipande cha uzi kilikuwa bado ulimini mwa Chiriku, na ule mkwaruzo wa fundo kwenye meno haukuwa mgeni. Alikuwa amewahi kufanya hivi, utotoni. Mama yake yuko chumba cha nyuma, ana homa, amejifunika mpaka kichwani. Yeye ametoka shule, ambako mwalimu wa ushonaji amemchapa vidole kwa sababu ya mafundo yanayoonekana. Nguo zilizokwisha kushonewa alama ziko kwenye kapu, na alama zote zina vifundo vibaya vinavyoning'inia. Basi akaketi, akavikata kwa meno kimoja kimoja, nguo baada ya nguo, ili mama akiamka akute kazi yake imependeza.

"Baba," alisema. "Gauni lilipopotea, Mama alikuwa anaumwa."

Mzee alikaa chini. Alikaa kwenye benchi.

Kisha akainuka, akafungua sanduku lililokuwa chini ya meza, akatoa kitu kilichofungwa kwa shuka. Lilikuwa gauni la hariri, la kijani, limepigwa pasi vizuri kana kwamba mwenyewe anakuja kulichukua jioni hii.

"Nililikuta nyuma ya rafu, nyinyi mmekwisha kwenda," alisema. "Nikasema, Mungu mkubwa, limepatikana. Nikalinyoosha, nikampelekea mke wa daktari, ana wageni sebuleni. Akalikunjua mbele yao, akaniuliza, Dobi, umekuwa kipofu? Langu lilikuwa jekundu. Wageni wakacheka sana. Ndipo nikajua. Lake nilikuwa nimemfungia mama mmoja aliyekuwa anahama, na yeye akahama nalo. Hili lilikuwa la yule mama."

"Ulijua, na hukumfuata Mama."

"Nilifika mpaka kona ya mtaa mliokuwa mnakaa. Nikawaona mnaanika nguo, wewe umeshika upande mmoja wa shuka. Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia nini? Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilileta nyanya mbichi. Akazipika hivyo hivyo, tukala. Tulipofungua kazi hii nikakuta mafundo kwenye nyuzi na kwenye alama za nguo, moja kwa nyekundu, mawili kwa kijani. Hakuniuliza, sikumwambia. Siku ile nilipomwita mwizi alinitazama, nikadhani yale ni macho ya mkosaji. Kumbe alikuwa ananingoja mimi. Angesema neno moja tu kwa wale watu wa kwenye benchi, dobi wenu hajui nyekundu na kijani, ningefunga mlango siku ile ile. Hakulisema." Alilipangusa gauni ingawa lilikuwa safi. "Wewe unaniuliza kwa nini sikwenda. Uso wa kwendea niliutoa wapi?"

"Na sasa unaona afadhali uitwe mwendawazimu?"

"Mwendawazimu husamehewa."

Chiriku alitaka kukasirika. Alikuwa amekuja na hasira yake imekunjwa vizuri tangu utotoni, na sasa alipoifungua haikumtosha.

"Yale mafundo niliyakata mimi, Baba," alisema. "Kwa meno."

Mzee akatikisa kichwa.

"Mtoto havunji ndoa kwa meno," alisema. "Mwizi nilisema mimi."

*

Jioni Chiriku alimpigia mama yake simu, amesimama uani karibu na kamba za nguo.

"Nimemwangalia, Mama."

"Umeona nini?"

"Nimeona kwamba haoni."

Upande wa pili ilisikika sufuria ikiwekwa chini. "Haya," mama yake alisema.

"Na mafundo. Ni mimi?"

"Ulikuja kunionyesha kitandani. Ulikuwa umefurahi hivyo! Nikasema nitaamka niyafunge upya. Homa ikanizidi, nilipoamka nguo zilikwisha kugawiwa."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, Mama?"

"Ningesemaje nisikutaje wewe wala yeye?"

"Na wewe je?"

"Mimi nilijua kwamba sikuiba." Sufuria ikasikika tena ikisogezwa. "Lakini nilitaka kusikia. Sikudanganyi, mwanangu. Nilitaka sana kusikia." Akakohoa. "Kesho nitakuja. Usimwambie."

*

Mama alifika asubuhi kwa miguu kutoka kituoni, mkoba mdogo mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa. Muuza mkaa alimtambua kabla ya watu wote. Alisimama, akavua kofia. Watu wa barabara nao walikuwa wamefika na viatu vyao, wakimwambia Shangazi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho wanasema kwa mdomo. Wahamaji waliokuwa wakipakia magodoro waliacha kupakia.

Mama hakuingia. Alisimama barabarani, mahali pale pale lilipoangukia sanduku lake.

Mzee alitoka mlangoni, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi. Alipomwona alishika mwimo wa mlango.

"Mama Chiriku," alisema.

"Baba Chiriku."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Shangazi alifungua mdomo, Chiriku akamgusa mkono, naye akaufumba.

"Hawa watu wanasema nyumba yangu ina alama," Mzee alisema.

"Ina alama."

"Ya namna gani?"

"Ya msalaba. Kubwa. Nyekundu, na ukuta ni wa kijani."

Mzee aligeuka akautazama ukuta kwa mara nyingine, akitafuta, kisha akaacha kutafuta.

"Kama ni wewe unayesema," alisema, "basi ipo. Nitahama."

Yule mkubwa wa viatu vya kung'aa alipumua kwa nguvu na kutaka kuondoka, lakini Mzee alikuwa hajamaliza. Aliuachia mwimo, akashuka ngazi, akasimama katikati ya barabara kama alivyosimama mlangoni siku ile, na sauti yake ikavuka hadi ng'ambo kama siku ile.

"Sikilizeni! Mliokuwepo na msiokuwepo. Huyu mama hakuiba kitu. Gauni nililipoteza mimi. Mimi sioni nyekundu wala kijani, tangu kuzaliwa kwangu, na yeye alijua, na akanifichia, na mimi nikamwita mwizi. Nilijua kwamba hakuiba, nikanyamaza mpaka nimezeeka."

Hakuna aliyecheka. Kuku wa jirani tu ndiye aliyesema neno lake. Mwishowe muuza mkaa, ambaye ukimya ulikuwa ukimuumiza kama jino, aliuliza, "Kwa hiyo Mzee, mkaa wangu huwa unauona?"

"Mkaa nauona. Na mawe unayochanganya nayaona pia."

Kicheko kikawatoka wote kwa pamoja, hata Shangazi, aliyekuwa analia. Mama hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu kikishuka mahali pake.

"Nimesikia," alisema.

Mzee alisogea hatua moja. Akasita.

"Sirudi, Baba Chiriku," alimwambia, si kwa ukali.

"Najua. Hilo hata sikuthubutu kuliomba." Akauonyesha mlango kwa mkono. "Karibu tu ukae, upumzike miguu."

*

Karatasi ya nyumba ya wazee Chiriku hakuitia sahihi. Shangazi mwenyewe aliitumia kufungia vikombe. "Mtu ana macho mabaya, mimi nataka kumfungia na vichaa!" alikuwa akisema kila alipopita na mzigo. "Utakaa na mimi kule kwenye chumba kipya nilichopanga, Kaka. Ila sokoni huendi tena!" Muuza mkaa alileta mkokoteni wake, akaukung'uta vumbi jeusi na kuutandikia gunia, kwa sababu ya shuka nyeupe.

Mama aliketi kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia pana vumbi. Alipoona chupa mbili za dawa dirishani, alimwomba Chiriku mkebe wa nyuzi. Alikata uzi, akauzungusha shingoni mwa chupa ya kwanza, akafunga. Macho yake nayo yalikuwa yamechoka, alifanya taratibu. Kisha akaishika ya pili.

"Fundo moja, asubuhi," alisema. "Mawili, jioni."

Mzee alizipokea. Hakuzitazama. Alitazama nje, kwenye mkokoteni, na kidole gumba kikatembea shingoni mwa chupa.

"Moja," alisema. Akapapasa nyingine. "Mawili."

"Haya."

Ncha za uzi zilikuwa zimebaki ndefu, zinaning'inia ovyo. Chiriku aliziona. Mkono ulimwasha kuzichukua chupa zile na kuzikata ncha kwa meno, zikae vizuri. Akaziacha zilivyo, akainama, akashika upande mmoja wa meza ya pasi, akamwambia baba yake ashike wa pili.